Kicheko cha Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa na kicheko cha kusimamisha kazi. Kilianzia puani, kikashuka tumboni, na kilipopanda tena kilikuwa kimeshawabeba wote waliokaa karibu naye. Kwa kicheko hicho shemeji yake, mwongozaji wa filamu ambaye kila mtu alimwita Mzee Kata, alipimia vichekesho vyake vyote tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na tangu akiwa nazo.

Kazi hasa ya Mama Pindo ilikuwa kushona mavazi ya filamu. Bwana harusi akiruka ukuta suruali ikamchanikia nyuma, usidhani ilikuwa bahati: Mama Pindo ameuacha mshono kwa bandi tu, uzi mmoja mwepesi, na koti amelipandisha pindo ili aibu isifichike. Siku hizi wanamchana mtu kwa kompyuta. Mwenyewe hana hata habari kwamba amechanika, na uso wake unasema hivyo.

Mzee Kata alikuwa na desturi yake. Kabla filamu haijaenda kwa watu, aliwaita wenzake wa kazi waitazame, naye akasimama mbele yao akiwa ameipa mgongo.

"Filamu nimeshaiona," alikuwa akisema. "Ninyi ndio sijawaona."

Mama Pindo alipocheka, mzee aliweka alama daftarini. Kisha akaenda kukirefusha kipande hicho, akiacha pengo, ili kicheko cha ukumbini kisimeze maneno yanayofuata. Ule ulikuwa ufundi. Leo nani anampisha mtazamaji acheke? Kila mtu anatazama peke yake kiganjani, masikio ameyaziba, anatoa pumzi puani na kusema amecheka.

Baada ya miaka mingi ya kukaa bure, Mzee Kata alipata filamu moja tena: bibi harusi anakimbia na sanduku la mtu asiyemjua, bwana harusi anamkimbiza yeye, na mwenye sanduku anawakimbiza wote wawili.

"Hii ikipendwa, shemeji, watanipa nyingine," alimwambia Mama Pindo. "Isipopendwa, nikafuge kuku."

Ukumbi wao wa zamani ulikuwa umegeuzwa duka la vigae, kwa hiyo wenzake walibanana kwenye chumba cha cherehani, filamu ikapigwa ukutani. Mama Pindo alikaa mbele na binti yake. Watu kwenye filamu walikimbia, walianguka, walipiga kelele, na yeye hakuhisi chochote. Alijikaza kisabuni. Ndipo Mzee Kata, akiwatazama wao, akasogea kidogo akaingia kwenye mwanga, na picha ya bibi harusi ikaja kutua juu ya kipara chake. Shela ikamteremkia masikioni. Bwana harusi alipotokea, sharubu zake zikamkaa mzee kwenye paji la uso.

Mama Pindo akaangua kicheko. Binti yake akamfuata, na chumba kizima kikafuata. Mzee Kata alikunja uso kwa mwanga wa projekta, akaendelea kuweka alama kwa furaha.

"Niambie kweli, shemeji. Imekuingia?"

"Mbavu zinaniuma," alijibu, na hilo halikuwa uongo.

Njiani binti yake alimwandama. "Mama, kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba kichekesho chote kilikuwa kichwani kwake?"

"Sasa atarefusha."

"Kesho nitamwambia."

Kesho yake alimkuta amejiinamia kwenye mashine ya kukatia filamu, anaimba kama kijana anayeposa. Akarudi nyumbani na maneno yake mdomoni.

Siku ya watu, ukumbi ulijaa. Skrini ilikuwa juu, Mzee Kata akasimama chini yake, mgongo kwenye filamu kama kawaida. Bibi harusi akafungua sanduku, akatoa macho. Akaendelea kutoa macho. Mtu akakohoa. Bwana harusi akapanda ukutani, akakaa pale kama anayesubiri lifti.

Mzee Kata hakumtazama mwingine yeyote. Macho yake yalikuwa kwa Mama Pindo, yanamwomba. Mama Pindo angeweza kumtupia kicheko cha kuigiza. Lakini mtu aliyekisikiliza kicheko chako maisha yake yote utamdanganya vipi? Akamwita kwa mkono. Mzee akaja akiwa ameinama, akaketi ubavuni mwake.

"Mbona leo umenuna, shemeji?"

"Siku ile sikuicheka filamu."

"Nilikuona kwa macho yangu!"

"Nilikucheka wewe. Bibi harusi alikuwa kwenye kipara chako."

Mzee Kata akainua macho kwenye skrini. Bwana harusi bado alikuwa ukutani.

"Kwenye kipara?"

"Shela ilikufika masikioni. Ilikupendeza."

"Na huyu?"

"Sharubu zilikukaa kwenye paji la uso kama nyusi. Ukafanana na yule shangazi yenu mkali."

Mzee akainamisha kichwa. Mama Pindo akadhani amemuua. Kisha akaona mabega yanatikisika, na mzee akapasuka kicheko mpaka watu wa mbele wakageuka.

"Jamani, wengine tumelipa!"

"Poleni sana," alisema Mzee Kata, akijifuta machozi. Bibi harusi akasimama tena kimya, ametoa macho. Mzee akamsukuma shemeji yake kwa kiwiko. "Na hapa je?"

"Hapa keki ilikutua puani."

Wakaendelea hivyo mpaka taa zikawashwa, hakuna pengo lililopita kimya tena. Filamu haikumaliza wiki. Mzee Kata akanunua kuku.