Mwanamke Aliyemuuliza Mama Atakufa Lini

Mtu anayenunua samaki katika soko la Kabuta hujifunza mapema kutomwamini yeyote. Wauzaji huwamwagia maji samaki wa jana ili wang'ae. Wazuri huwekwa juu ya kikapu, waliolegea hufukiwa chini. Mimi maneno ya muuzaji siyasikilizi. Nafungua mashavu nione kama bado ni mekundu, nabonyeza tumbo, nanusa, kisha naingiza mkono mpaka chini kabisa ya kikapu. Basi siku nilipompeleka mama yangu kwenye nyumba ya wazee hapa Nchelenge, nilikwenda na pua yangu na mkono wangu.

Kumpeleka sikutaka. Sisi ni watu wa Kongo. Mama alizaliwa ng'ambo ya ziwa, akaolewa Lubumbashi na baba aliyefanya kazi mgodini, na mimi nikakulia huko kwenye kambi ya wafanyakazi. Vita na njaa vilitusukuma upande huu wa Zambia baba akiwa ameshakufa. Nikaanza kuuza chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, na kuvuka ziwa kupeleka sabuni na sukari. Kisha kiharusi kikamshika mama. Upande wa kulia ulilala, nusu ya uso ikateremka, na maneno yakamwishia isipokuwa machache ambayo mtu angeyahesabu kwa vidole. Msichana niliyemwachia nilipokuwa ng'ambo alikwenda kuchezea simu kwa jirani. Nilirudi nikamkuta mama sakafuni, karibu na mbaula, jiko la makaa, ameinua shingo kama kobe ili uso usiungue.

Ndipo nikakubali nyumba ya watawa. Wanawake wenzangu wa kanisani hawakunificha walichofikiri. Mmoja alinisubiri mlangoni baada ya ibada, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Shiye hatutupake bazazi. Ile ni mambo ya bazungu." Nilimwambia aje basi amgeuze mama kitandani usiku na mchana, nami nitamlipa kwa maombi. Hakuja.

Nyumba yenyewe iko juu kidogo kutoka ziwani, na ukiwa barazani unaona maji. Niliipenda kwa macho na nikaishuku papo hapo. Sakafu ilinuka dawa, lakini dawa inaweza kufunika harufu nyingine. Mlezi aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi, safi, aproni nyeupe imepigwa pasi, na kila sentensi aliimalizia kwa "mukwai", neno la heshima la Wabemba. Karibuni, mukwai. Kaeni, mukwai. Mama atatulia hapa, mukwai. Niliona aibu kwa kumshuku mtu mwenye adabu namna ile, nikamwacha, nikatafuta wa kumshuku mwingine.

Sikutafuta sana. Kulikuwa na mlezi wa pili, mrefu, mifupa mitupu, viatu vya plastiki, sauti ya kuita mashua. Kwao ni kijiji cha wavuvi, na Kiswahili alikijua kutoka kwa wachuuzi wa Kongo. Jumapili ya kwanza nilipokwenda kumwona mama, alinikuta mlangoni na bakuli langu la samaki wa kupika.

"Mutoto wa mama! Unakuya kuona kama alishakufa?" akasema. "Bado. Eko na kula mingi, atatumalizia bwali."

Bwali ni ugali, nami nilisimama pale na kitoweo chake. Mwanamke aliyekwisha kuitwa mtupa wazazi akaambiwa maneno hayo! Nikampita nikaingia. Nikamkagua mama kama ninavyokagua mzigo: nikanusa shingo, nikaangalia nyuma ya masikio, chini ya kucha, visigino, nyonga, mahali ambapo vidonda vya kulalia huanzia. Nikainua godoro. Nikanusa kikombe. Kila kitu kilikuwa kisafi, nami sikufurahi. Jumapili ni siku ya wageni. Jumapili kila mtu huweka samaki wazuri juu.

Wiki zilizofuata nilibadilisha njia. Nilipita nyuma, kwenye bustani ya rape, mboga ya majani, nikasimama chini ya dirisha la mama kabla ya kuingia. Ndipo nikayasikia. Yule mrefu alikuwa akimlisha, kijiko kinagonga sahani, na kila kijiko kina tusi lake.

"We muzee mubaya, utakufa siku gani? Shimo nilishachimba, inajaa mayi ya mvula bule. Fungula kinywa. Ile kitenge yako ya buluu njo nitavaa kwa kilio. Meza!"

Mama akatoa sauti. Tangu kiharusi, sauti ile ilikuwa moja tu kwa kila kitu, mkoromo unaotoka kooni na kukatika katikati. Nilizunguka mbio, nikaingia. Machozi yalikuwa yakiteremka kwenye shavu lake zima, uji kidevuni. Nilimnyang'anya yule mwanamke kijiko. Aliniangalia, akanyanyua mabega, akaenda zake kwa mwendo wa mtu asiye na hatia, na hicho ndicho kilichonichoma zaidi.

Nilikwenda kwa mtawa mkuu, mama wa makamo aliyetoka mbali kusini. Nilimwambia yote. Alinisikiliza vizuri, akasema huyo mrefu ndiye pekee anayeweza kumlisha mama yangu hadi sahani iishe, na kwamba wazee wengi wanamtaka yeye. Nikajibu kimoyomoyo kwamba mkono huosha mkono. Wote wanakula meza moja, atamshtaki nani? Kumuuliza mama mwenyewe sikuthubutu. Niliogopa atalia tena, nami ndiye niliyemleta humo kwa miguu yangu.

Sikulala vizuri siku hizo. Nikivuka ziwa naona kijiko, nikipima chisense naona kijiko. Kama ningemtoa mama, biashara ingekufa, na tungekaa wawili chumbani tukitazamana kwa njaa. Kama ningemwacha, angekufa akitukanwa na mtu mgeni katika nchi ya watu. Mwisho nikaamua. Bora tufe njaa. Nikakodi teksi siku ya soko, siku ambayo hakuna mgeni anayekuja, bila kumwambia mtu.

Mfupi alinipokea barazani. Alishtuka, akatabasamu upesi. Mama amelala, mukwai. Kunyweni chai kwanza, mukwai. Akaniletea kiti, na kikombe chenye kisahani, akaingia ndani haraka kuliko mtu anayekwenda kumwangalia aliyelala. Nikasikia ndoo ikiburutwa. Jamani, mimi nimelishwa samaki wabovu na watu wenye maneno matamu maisha yangu yote! Niliacha chai palepale.

Mama alikuwa ameelekezwa ukutani. Shuka ilikuwa imelowa mpaka mgongoni, na haikulowa sasa hivi, maana pembeni ilikuwa imeanza kukauka na kufanya ramani. Midomo imepasuka. Kwenye nyonga palikuwa na wekundu wa ukubwa wa kifuniko cha soda, ngozi bado nzima lakini inang'aa. Mfupi alisimama na ndoo mkononi, akasema, "Nilikuwa karibu kumbadilisha, mukwai." Nilimfukuza kwa maneno ambayo siyaandiki. Nikamwosha mama mwenyewe, nikamgeuza, nikamnywesha.

"Yule mrefu yuko wapi?" niliuliza hewani tu, maana nilitaka kumtukana naye pia ili kazi iishe.

Aliyejibu alikuwa bibi wa kitanda cha pili, kipofu, Mbemba wa Mwansabombwe. Alisema kwamba mrefu amekwenda msibani tangu juzi. "Akiwa hayupo, sisi ni chisense zilizosahauliwa juani," akasema. "Hakuna wa kutugeuza." Kisha akauliza, kwa sauti ya kushangaa kweli, kwa nini namsema vibaya mtani wangu.

Nikamwambia sina mtani mimi. Bibi akacheka. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto. Ukoo wa mama ni wa Mbuzi, na kwetu ukoo hufuata mama, basi na mimi ni wa Mbuzi. Mrefu ni wa Chui. Chui na Mbuzi ni watani tangu wakubwa wa zamani, pande zote mbili za ziwa. Wanatukanana bila kukasirika, wanachukuliana vitu bila kuomba, na mmoja akifa, mwenzake ndiye anayemwosha na kuingia kaburini. Siku ile mama alipofika, mimi nimekwisha kuondoka, mrefu alimuuliza ukoo wake. Mama alihangaika sana, mwisho akatoa sauti ya mbuzi. Chumba kizima kilicheka mpaka watawa wakaja.

"Hukufundishwa?" bibi akaniuliza. "Mtoto wa Mbuzi gani wewe?"

Wa Lubumbashi, bibi. Kule kambini tuliulizana mkoa na timu ya mpira. Ukoo hakuna aliyeutaja. Mama naye hakuwahi kuniambia, labda kwa sababu mjini hapakuwa na Chui wa kumtukana.

Nilimgeukia mama. Nikamuuliza lile nililoogopa kumuuliza wiki zote zile. "Mama, ule mwanamuke murefu anakutukana. Anakuumiza moyo?"

Uso ukajikunja upande mmoja. Ile sauti ikatoka, ule mkoromo, na machozi yakaja juu. Nilikuwa nimekaa karibu mno safari hii, uso kwa uso, nikaona jicho lake. Alikuwa anacheka. Siku ile ya dirishani pia alikuwa anacheka, nami nikamnyang'anya mwenzake kijiko. Alitafuta neno kwa muda mrefu, akalipata.

"Wangu," akasema. "Ule... wangu."

Niliirudisha teksi tupu. Dereva alinung'unika, nikamlipa. Kwa mtawa mkuu nilirudi na ile shuka mkononi nikaiweka mezani pake, na baada ya hapo mfupi akahamishiwa jikoni. Hata huko sikumwamini. Uji wa mama niliendelea kuuonja. Mrefu aliporudi kutoka msibani alinikuta mlangoni tena. "Unakuya kuona kama alishakufa?" Sikuwa na mazoezi.

"Hapana," nikasema. "Niko nakuya kuona kama weye ulishakufa, nikamate hii viatu yako mubaya."

Alipiga yowe la furaha, akanishika mkono akanivuta ndani kwenda kumwambia mama kwamba mbuzi mdogo ameota meno.

Mama alikufa mvua zilipoanza. Mrefu alimwosha, akaingia kaburini na vile viatu vyake vya plastiki, akalala humo akakataa kutoka mpaka tumlipe, akapiga kelele kwamba kizee hiki kichoyo kimekufa bila kumpa kitenge cha buluu. Wanawake wa kanisani walishika midomo. Nilikuwa nimekivaa. Nikakivua nikamtupia shimoni, nikabaki na kile cha ndani, na watu wakacheka huku wanalia. Alipotoka alikuwa amekifunga kichwani, uso wote umelowa, na haikuwa mvua peke yake.

Baadaye, siku ya soko, nilikuwa nimekaa nyuma ya vikapu vyangu alipotokea na kile kitenge. Akabonyeza samaki, akakunja pua. "Inanuka sawa na mwenyewe. Na weye, utakufa siku gani? Niko nachoka kungoja."

Wanunuzi waliniangalia kwa huruma. Mimi nilikuwa natafuta pa kuficha uso, maana tangu tuvuke ziwa sikuwahi kujua ni nani atakayenizika. Nikamchagulia samaki mkubwa wa juu, nikamnyoshea. Akamkataa. Akakunja mkono wa nguo na kuuingiza hadi chini kabisa ya kikapu.