Fundi wa Vitabu na Mchezo wa Mwalimu

Saa mbili asubuhi, kwenye chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa uzi anapaka gundi kwenye mgongo wa kamusi iliyochanika. Anapaka kidogo kidogo, kama anayempaka mtoto mafuta. Kisha anaiingiza kamusi kwenye kibanio cha chuma, anakaza, anapuliza vidole.

"Hii imeshuka hapa mara ya nne," anasema. "Kitabu kisichosomwa hakichaniki. Kwa hiyo nikiona kilichochanika sikasiriki."

Wanafunzi humwita Mzee Gundi. Ana miaka hamsini na nane, na kwa miaka ishirini na tisa amekuwa akijalidi vitabu katika chumba hiki, karibu arobaini kila mwezi. Lakini siku hizi wengi wanaoshuka ngazi kumtafuta hawaulizii vitabu. Wanaulizia mchezo.

Kila mwaka maktaba hii huwa na Wiki ya Michezo. Kwa siku tano, ukumbi wa mapokezi hujaa meza za drafti, sataranji na karata, pamoja na michezo waliyoibuni wanafunzi wenyewe, mingine ya kompyuta, mingine ya karatasi na kete. Bango la "Kimya Tafadhali" hugeuzwa likatazama ukuta.

"Mchezo nao una mtunzi," anaeleza mkutubi mkuu, mwanamke ambaye hata akicheka sauti yake haipandi. "Una kanuni, na una mtu uliyemfikiria ulipokuwa unautunga. Kwa nini tusiupe rafu yake?"

Kwa Mzee Gundi, wiki hiyo ilikuwa na maana moja tu: maboksi yaliyopasuka na karata zilizokunjika. Mwaka huu mambo yakawa mengine.

Chanzo kiko nyumbani kwake, miaka miwili na ushei iliyopita. Mkewe alifundisha shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, na majirani hawajaacha kumwita Mwalimu. "Alikuwa na maneno huyo!" anasema mumewe. "Ukirudi na nyanya mbovu, unapewa somo zima, na maswali mwishoni."

Asubuhi moja, akivaa viatu kwenda shuleni, kiharusi kilimwangusha. Mguu ulirudi polepole, kwa msaada wa fimbo. Mkono wa kulia haukurudi. Maneno yalibaki matatu: ndiyo, hapana na basi.

"Na hayo yenyewe yalikuwa yanachanganyika. Unamuuliza chai, anasema hapana, huku mkono unakwenda kwenye kikombe."

Kliniki waliambiwa kwamba anaelewa kila kitu, ila maneno hayapati njia ya kutoka. Akapangiwa mazoezi mara mbili kwa wiki, ambayo pamoja na nauli yanameza karibu robo ya mshahara wa fundi. Mtaalamu wa tiba ya usemi akashauri wafanye mengine nyumbani kwa kutumia picha.

Mzee Gundi akafanya anachokijua. Alikata kadi sitini kutoka vipande vya majalada, akabandika picha za magazeti yaliyotupwa na maktaba: birika, ngazi, mkasi, kuku. Akashona ubao unaokunjika katikati. Kete zikawa vifungo viwili vya koti.

Sheria ilikuwa fupi. Funua kadi, taja kilichomo kabla mwenzako hajahesabu kumi. Ukitaja, songa mbele hatua tatu. Ukishindwa, rudi nyuma mbili.

Wakawa wanacheza karibu kila jioni. "Mimi nafika mwisho, mwenzangu bado yuko pale pale mwanzo," anakumbuka. "Nikajaribu kumwachia. Naona kikombe, nasema eti sikijui. Aliniangalia tu. Mke uliyeishi naye miaka thelathini na moja, utamdanganya kwa kikombe?"

Jioni moja Mwalimu alizikusanya kadi zote kwa mkono wa kushoto, akazimwaga chini. "Basi," alisema. Safari hii neno halikuwa limechanganyika.

Fundi alilipeleka boksi kazini, akaliweka juu ya rafu. Alijiambia kwamba mkewe amechoka.

Hapo ndipo mkutubi mkuu alipoliona, siku chache kabla ya Wiki ya Michezo, akaomba liwekwe ukumbini. Mzee Gundi alikubali shingo upande.

Siku ya pili ya wiki hiyo, msichana wa mwaka wa mwisho anayesomea ubunifu wa michezo aliucheza na wenzake mara mbili, kisha akashuka ngazi.

"Shikamoo, mzee. Huu mchezo ulimtengenezea nani?"

"Marahaba. Mke wangu. Maneno yamempotea."

"Samahani, mzee, lakini mama hawezi kuushinda. Unamrudisha nyuma kwa kitu kile kile kinachomuuma."

Mzee Gundi haoni aibu kusimulia alivyojibu. "Nilimwambia, binti, nimeshika gundi kabla hujazaliwa. Akaomba radhi, akaondoka. Yeye aliondoka, neno lake likabaki."

Anavua miwani, anaiweka mezani.

"Nilidhani namfundisha kusema. Kumbe kila jioni namtungia mtihani wa kufeli, halafu nausimamia mwenyewe."

Kesho yake alipanda ngazi kumtafuta yule msichana. "Haya, mwanangu," alimwambia. "Tunafanyaje?"

Msichana hakumpa jibu, alimpa swali: mama anaweza nini? Fundi akaanza kuorodhesha asiyoyaweza. "Nimeuliza anayoyaweza, mzee."

Ikabidi afikiri. Mwalimu anaweza kuchora kwa mkono wa kushoto, michoro ya kupinda lakini inatambulika. Anaweza kuigiza, maana watoto wa darasa la kwanza aliwafundisha herufi kwa mikono na mabega. Na kuna jambo moja ambalo halikumtoka hata siku moja. "Mtu akikosea mbele yake, anajua hapo hapo."

"Basi tumpe kazi hiyo," alisema msichana.

Wakaigeuza sheria. Asiye na maneno ndiye anayeshika kadi, peke yake. Anaonyesha kwa mikono, kwa uso au kwa chaki, na wenzake ndio wanaotafuta neno. Yeye anatoa vema au kosa. Wakishindwa, wao ndio wanaorudi nyuma.

"Nilipofika nyumbani nilimwambia, nimekuja kuomba msamaha, na nimekuja na sheria nyingine. Akachukua fimbo yake, akasimama mlangoni kama wa kusema twende."

Siku ya mwisho ya Wiki ya Michezo, Mwalimu aliketi mezani na kibao kidogo na chaki. Kadi ya kwanza, aliweka mkono kiunoni, akainamisha mwili upande mmoja.

"Mti unaanguka!" alikisia mwanafunzi mmoja. "Mtu amelewa!" akasema mwingine. Mzee Gundi, aliyeibandika picha hiyo kwa mikono yake, akapaza sauti: "Bata!"

Lilikuwa birika. Wote walipata kosa, na Mwalimu akacheka hadi chaki ikamdondoka. Raundi zilizofuata wanafunzi wakaanza kusimama, kusukumana, kila mmoja akipiga kelele na jibu lake. Mwalimu akapiga meza kwa kiganja.

"Kaeni chini!"

Watu kumi na wawili walikaa. Wawili hawakuwa na viti, wakakaa sakafuni. Mkutubi mkuu, aliyekuwa anapita tu, anakiri kwamba naye alijikuta amekaa.

Mzee Gundi alitoka nje. "Miaka miwili sijaisikia sauti hiyo," anasema. "Sauti ya darasani."

Mwalimu hajapona. Mtaalamu wake anatahadharisha kwamba maneno ambayo mtu ameyasema maelfu ya mara huweza kuchomoka yenyewe, na hiyo siyo sawa na kuzungumza. Miezi minne baadaye ana maneno kama thelathini, na si ya kila siku. "Tusiupe mchezo sifa za dawa," anasema mtaalamu huyo. "Ila mtu aliyekuwa anayakataa mazoezi, sasa anayadai."

Mwakani Mzee Gundi anastaafu. Kabla ya hapo anataka kutengeneza maboksi ishirini kwa ajili ya familia zinazosubiri zamu kwenye benchi la kliniki. Yule msichana, ambaye sasa amehitimu, ndiye anayechora picha. Boksi la kwanza lilipelekwa wiki iliyopita. Dereva mmoja wa lori, ambaye tangu augue alikuwa hainui uso, alimrudisha mkewe nyuma mara sita, akicheka peke yake.

Adhuhuri, fimbo inagonga ngazi. Mwalimu ametoka kliniki. Anaketi karibu na dirisha, anazipitia kadi mpya moja moja, kisha anaisukuma moja kuelekea kwa mumewe.

"Hii ina nini tena, Mwalimu?"

Neno linachelewa. Mumewe anasubiri, hahesabu.

"Rudia."

Fundi anaisogeza kadi kwenye mwanga. Kweli, picha imekaa upande. Anachukua mkasi.

"Yamebaki maboksi kumi na tisa," anasema, "na mkaguzi ndiye huyo. Nikistaafu, sitakosa kazi."