Kiwanja Tulichokifagia

Sijui kama Mungu anapenda kufagiliwa. Mama yangu aliamini anapenda, na hilo ndilo lililotuponza.

Baba alikuwa mwalimu wa kanisa hapa Kasenga, miaka ile ya Wabelgiji. Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi, juu ya ardhi aliyotupa chifu kwa mdomo tu, mbele ya watu, kama ilivyokuwa desturi. Kiwanja kilikuwa kikubwa, na hakuna aliyethubutu kupanda hata shina moja la muhogo. Pa Mungu hapalimwi, wazee walisema; ukipalima utavuna laana. Pembeni walizikwa watoto wachanga wa waumini. Mdogo wangu aliyekufa kwa surua alikuwa pale, karibu na ukuta. Kaburi la mtoto halikuinuliwa, lilisawazishwa, na mama mtu alijua mahali. Kila Jumamosi Mama alifagia kiwanja chote, na akifika pale ukutani alifagia polepole, kama anayemfunika mtoto asiamke.

Kisha mji ukaanza kupangwa. Akaja muzungu wa Leta, ndiyo serikali yenyewe, na kamba zake na mkalimani wake, kugawa parsele, yaani viwanja. Mkalimani alitueleza sheria yao: ardhi yenye mtu ni ya mtu, ardhi tupu ni ya Leta. Muzungu akauliza nani analima pale. Baba, maskini, akanyoosha koti lake.

— Hapa hakuna mutu analima, Bwana. Hakuna mutu analala. Iko ya Mungu.

Muzungu akautazama uwanja, mweupe pe, hata jani hakuna, akakubali kwa kichwa. Baba alirudi nyumbani akicheka, akasema wameelewana vizuri. Loo, walielewana kweli! Baada ya mavuno ya pamba tuliambiwa tubomoe kanisa, kwa kuwa ardhi ile tupu imepewa watu wa ghala la pamba. Sisi tulionyeshwa mahali kule juu, kwenye mawe. Baba alikwenda kwa watu wa Leta kueleza habari ya watoto waliozikwa. Wakamwuliza makaburi yako wapi, naye akaonyesha udongo uliofagiliwa. Nikikumbuka mkono wake ulivyobaki umenyooshwa, moyo unaniuma mpaka leo.

Mama hakulia mbele ya watu. Kule kwenye mawe, hata kabla ya paa kuezekwa, alipanda mihogo mpaka mlangoni pa kanisa. Baba alishtuka, akamwuliza inakuwaje kulima kwa Mungu.

— Mungu ataona ni kanisa, baba ya watoto. Leta iko inaona mihogo tu.

Ghala lilipokwisha kujengwa, Jumamosi moja Mama alichukua ufagio wake, akashuka, nami nikamfuata. Alimwomba sentineli, mlinzi wa mlangoni, amruhusu afagie kidogo tu, pale pembeni, wala hataki malipo. Sentineli alikuwa mtu mpole. Alimwita mama kwa heshima, akampa pole, akamwambia kazi ya kufagia imeshapata mtu.