Mwenye Duka Aliyeitibu Picha Yangu

Tulipokimbia kwetu Ngungu, mama alibeba sufuria, mimi nikabeba tableti. Mpaka leo ananikumbusha ni ipi kati ya hizo mbili iliyotupikia.

Kule Mweso tulikokimbilia nilichora juu ya tableti hiyo kwa kidole, miezi mitatu: mistari, mabaka ya kijani na ya kahawia, doa moja jekundu. Aliyeuliza ni picha ya nini nilimjibu kwa ukali kwamba si picha ya kitu, ni sanaa. Nilikuwa na kiburi cha mtu asiye na kingine. Kituo kimoja cha vijana Goma kilikuwa kinatafuta kazi za maonyesho, na nilitaka yangu ionekane kuliko nilivyoutaka unga wa msaada.

Umeme hatukuwa nao. Tulichajisha kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, tuliyemwita Papa kwa heshima, mwenye sola juu ya duka, mtu mwangalifu aliyetia kufuli hata kwenye kabati tupu. Siku moja kabla ya kumpa dereva wa lori ile picha kwenye kadi ya kumbukumbu aipeleke Goma, nilimwachia tableti ikiwa wazi kwenye picha hiyo. Niliporudi alikuwa anatabasamu.

"Dada, nimekutengenezea. Ekrani, hii kioo, ilikuwa imeharibika, rangi yote imechanganyika. Nimefuta vyote, sasa iko mupya."

Ilikuwa mpya kweli, nyeupe pe. Nikalia palepale mbele ya wanunuzi wa chumvi, na kiburi changu chote kikatoka pamoja na kamasi. Nikamwambia kijani kile kilikuwa maharage yetu ya Ngungu, kahawia muhogo, na lile doa jekundu ni mlango wa nyumba yetu, ambao sijui kama bado upo.

Alitoa simu yake. Kumbe kabla ya kugusa chombo cha mtu huwa anakipiga picha, "juu mwenyewe asiseme eti ni mimi niliharibu." Kazi yangu ilikuwa mle, imeinama kidogo, na kidole gumba chake kimeingia pembeni. Sikuwa na nyingine. Nikaituma hivyohivyo, kwa aibu.

Ilikubaliwa. Siku ya maonyesho, barabara ya Sake, ya kwenda Goma, ilikuwa imefungwa kwa mapigano, nikabaki Mweso nimenuna. Mwenye duka alikuwa ameshatangulia Goma kutafuta mali ya duka, akapita kuangalia. Barabara ilipofunguka akarudi, na nilimvamia kwa maswali hata hajashusha magunia.

"Batu balisimama pale, banauliza iko nini," akasema. "Nikabaonyesha yote: huku maharage, huku muhogo, huku ni mulango ya kwabo."

Siri yangu yote, mbele ya watu wa Goma. Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

"Na kidole chako, Papa?" nikamuuliza.

"Ile pia baliuliza. Nikabaambia ni jirani yake."