Mguu wa Kushoto Haukutaka Kukandwa

Kamwene, akina mama. Mimi ni Tumaini wa Yakobi, yule mnayemcheka kwa kuvaa soksi ndefu hata siku ya jua kali. Leo niacheni niwaambie soksi hii ilikotoka.

Sikuwa mtu wa kulala. Nililima viazi mpaka mimba ilipokuwa kubwa, na mzigo ukijaa nilikwenda Makambako na mume wangu kuuza. Nikajifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike. Mama mkwe akahamia kwangu kunilea. Mnajua kwetu mzazi anavyolelewa: blanketi juu ya blanketi, mlango umefungwa baridi isiingie, uji unaletwa, mtoto analetwa. Nikishusha mguu tu, ananirudisha kitandani. Mkwe kama huyo wengine mnamtafuta kwa tochi.

Basi shavu la mguu wa kushoto likaanza kuuma, kama msuli umekaza. Kesho yake mguu mzima umevimba hadi pajani, wa moto, ngozi inang'aa. Wa kulia hauna neno. Majirani wakasema ni maji ya uzazi, yatashuka yenyewe. Mama mkwe akachemsha maji, akachovya taulo, akakanda. Ile ni mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote. Nililia, naye akalia, na bado akakanda.

Asubuhi moja, katikati ya kukandwa, pumzi ikakata. Kifua kikachoma upande mmoja kila nikivuta hewa. Nikakohoa, nikaona damu kwenye kanga. Mtoto akaanza kulia pale pale ubavuni mwangu, na mkono wangu hauinuki. Hilo sitalisahau. Maziwa yanatoka, mtoto ana njaa, na huwezi kumvuta. Niliona kabisa kwamba nakufa namwacha.

Mume wangu alikuwa Makambako. Jirani mwenye gari akatukimbiza hospitali mjini, wakaniwekea hewa ya mashine. Daktari, dada mmoja mpole, akaupima mguu kwa picha, akasema damu imeganda ndani ya mshipa. Ujauzito, upasuaji, kulala muda mrefu, vyote huchangia. Kipande kilikuwa kimekatika kikaenda kwenye mapafu. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyekuwa akiukanda ule mguu.

Mama mkwe alikuwa amesimama hapo, mtoto mgongoni. Angeweza kunyamaza.

"Ni mimi," akasema. "Nimemuua?"

Daktari akamwambia hapana, na kwamba kipande kingeweza kukatika hata bila kukandwa, ila asiukande tena. Tangu hapo aliogopa hata kunishika. Mimi nachomwa sindano za tumboni, siwezi kujigeuza, na yeye amekaa miguuni pangu, mikono ameificha ndani ya kanga. Nilitaka kumfariji, pumzi haikutosha. Sijui kati yetu nani alikuwa hoi zaidi.

Nilipona polepole. Nilimeza vidonge vya kuzuia damu isigande kwa miezi, nikipimwa damu kila mara. Mguu bado unavimba jioni, ndiyo maana ya soksi hii ya kuubana. Namshukuru Mungu, na yule dada, na jirani wa gari.

Jamani, mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa kama umejifungua, umelazwa, au umekaa sana kwenye basi, msiukande. Nendeni hospitali. Ikivimba yote miwili nendeni pia, inaweza kuwa moyo, figo au presha ya mimba. Na pumzi ikikata, usisubiri hata chai iive.

Juzi wifi yangu amejifungua. Mama mkwe akachemsha maji, sote tukawa tunamtazama. Akayamimina kwenye beseni, akafulia nguo za mtoto. Halafu akaenda kitandani, akafunua blanketi, akaitazama miguu yote miwili bila kuigusa. Akatoa mkono ndani ya kanga, akamnyooshea.

"Inuka, mwanangu. Tutembee mpaka mlangoni."