Siku Niliyompita Bibi Bila Shikamoo

Hadi leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi, mdomo wangu unajifunga wenyewe. Msinicheke. Wanaonijua wanasema mimi na ukimya hatujawahi kukaa nyumba moja, na ni kweli, maana nimekulia Kariakoo, ambako ukinyamaza unauziwa usichokitaka. Lakini harufu ile inanirudisha kwenye Jumamosi moja, nikiwa darasa la sita, nimeshika fimbo ya gofu, na Bibi yangu amesimama mbele yangu ananitazama.

Niwaambie kwanza Bibi alikuwa nani. Alikuwa mama yake baba, mtoto wa Waarabu wa hapa hapa mjini, na kutwa alikaa kwenye kiti chake mlangoni mwa duka letu la vitambaa. Pale alijua nani kapita na nani kasalimia. Kwake mtoto hakuwa na kosa kubwa kuliko kumpita mtu mzima kimya. Nikitoka shule nilikuwa natoa shikamoo kuanzia Mnazi Mmoja mpaka mlangoni: kwa muuza kahawa, kwa fundi viatu, kwa mama wa vitumbua, hata kwa mzee mmoja ambaye masikio yalishamwacha zamani. Nikimsahau mmoja, habari ilifika nyumbani kabla yangu. "Heshima si utumwa," Bibi alikuwa akisema, na hapo ulijua yanayofuata si ya kuchekesha.

Sasa gofu ilikujaje? Kocha Mashaka alikuja shuleni kwetu na mfuko wa fimbo fupi na mipira ya plastiki, akatufundisha kupiga kwenye vumbi la uwanja wetu. Waliofanya vizuri walipelekwa kila Jumamosi kwenye klabu ya gofu, penye nyasi za kweli, nami nikawa mmoja wao. Siku ya kwanza kule nilimkuta mzee ameinamia mpira wake, fimbo iko juu, nikafanya kama nilivyofunzwa. Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo kwa sauti ya Kariakoo. Mpira ukaingia vichakani. Mzee alijibu marahaba, lakini meno hayakuachana.

Kocha akaniita pembeni. Alinieleza taratibu kwamba mtu akishasimama kwenye mpira hakuna anayesema neno, hata la salamu, na kwamba nikirudia nitabaki shuleni na mipira ya plastiki. Nami domokaya nikaenda kuyasimulia nyumbani. Bibi akaweka kikombe chini. Akauliza ni mchezo gani huo unaomfundisha mtoto kumpita mkubwa kama anapita nguzo ya umeme. Kisha akatoa neno lake.

"Siku utakayoniona mimi ukanyamaza, fimbo hiyo utaisahau."

Baba aliendelea kukunja vitambaa vyake. Mbele ya mama yake hakuwa na kauli, na sote tulilijua hilo.

Ukafika mwisho wa muhula. Klabu ilikuwa inachagua watoto wa kufundishwa bure mpaka wamalize shule, na nafasi ya mwisho ilibaki kati yangu na Neema, binti wa Mchaga mwenye duka la masufuria mtaa wa nyuma. Nafasi ile niliitaka mpaka chakula hakipiti. Tulifika shimo la mwisho tukiwa sawasawa. Neema akasimama kwenye mpira wake, kila mtu akanyamaza, na hapo hapo nikaona buibui la Bibi linakuja kando ya miti, baba yuko nyuma yake. Kumbe alikuwa amembembeleza mama yake aje aone mwenyewe.

Bibi alisimama karibu yangu kabisa, macho yake kwenye macho yangu. Shikamoo ikanipanda mpaka kooni. Neema naye, kama aliyetumwa kunitesa, akauzunguka mpira, akachuchumaa, akainuka, akauzunguka tena. Nikisema, Neema anakosa kwa sababu yangu na mimi narudishwa vumbini. Nikinyamaza, Bibi anaichukua fimbo. Mara Bibi akakohoa. Kikohozi kile nilikijua. Nyumbani maana yake ilikuwa "nasubiri salamu." Niliogopa, jamani, niliogopa vibaya. Nikainamisha kichwa, nikavitazama viatu vyangu vya mtumba wa Mchikichini, nikauma ulimi.

Neema alipiga, mpira ukapita pembeni ya shimo kidogo tu. Ikawa zamu yangu. Sikuthubutu kumtazama Bibi. Niliusukuma mpira, ukaenda taratibu, ukasita ukingoni, ukaingia. Kocha akanishika bega akaniambia nafasi ni yangu. Neema, moyo wake mwema, alinipa mkono huku machozi yanamlengalenga. Mimi nilishaanza kumkimbilia Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

Hakujibu. Alinitazama, midomo ameibana, akageuka akaanza kutembea kuelekea getini. Nikarudia kwa sauti ndogo. Kimya. Baba akaniashiria nifuate tu. Njia ile ilikuwa ndefu! Tukapita barazani kwa klabu, ambako wazee walikuwa wanakunywa chai, mmoja akamwamkia Bibi kwa adabu zote. Bibi akapita. Kama Bibi huyu ameiacha salamu ya mtu mzima hewani, basi hasira yake haina dawa. Nikalia bila sauti, fimbo naiburuta.

Tukatoka getini. Bibi akavuka mfereji, akasimama kando ya barabara, akashusha pumzi ndefu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapa tunaruhusiwa?"

Kumbe walipoingia mlinzi aliwaambia watoto wanashindana, wasiongee, wasije wakamponza mtoto wao. Bibi akalichukua agizo kama lilivyo, kwa uwanja mzima, mpaka getini. Hata kikohozi kilikuwa kikohozi tu. Alikuwa amekibana tangu alipofika. Baba alipotaka kumnong'oneza kwamba si lazima kiasi hicho, alikanyagwa mguu.

Kisha akamgeukia mlinzi, akamsalimia, akamuuliza hali yake, ya mkewe na ya watoto, kama anayelipa yote aliyokuwa ameyazuia. Mimi akanirudisha barazani nikawaambie wale wazee kwamba Bibi yangu kalelewa, salamu yao kaipokea, na anaomba radhi.

Siku ile nilifurahia nafasi yangu tu. Leo mfuko wa fimbo fupi naubeba mimi, kwenye shule za Ilala, na naona wazazi waliokuja kuwatazama watoto wao wanapokea simu na kushangilia ovyo. Hapo ndipo ninapomkumbuka. Mimi nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na kitu nakitaka. Bibi gofu hakuipenda mpaka mwisho. Lakini alikubali watu wazima wenzake wamwone hana adabu, yeye, ili mimi nisitolewe.

Basi watoto wangu nawafundisha kwanza kunyamaza. Na mpira ukishaingia shimoni, kabla hawajarukaruka, nawaambia wageuke wakawaamkie waliokuja kuwatazama.