Siku Tingatinga Aliponunua Gauni

Jina la Tingatinga alipewa shuleni, siku aliposukuma peke yake gari la mwalimu mkuu lililokwama kwenye matope, wavulana wakiwa wamesimama pembeni wanajikuna vichwa. Waliomwita hivyo walikusudia kumcheka, lakini gari lilitoka na jina likabaki. Alikuwa msichana mrefu, mnene, mabega mapana, na miguu ambayo mama yake alizoea kusema ilitangulia kuzaliwa, mwenyewe akafuata. Alipokua akawa mwalimu wa udereva, jina likamfaa hata zaidi. Mtu akikuambia amefundishwa na Tingatinga, ulipanda gari lake ukalala usingizi.

Kazini hakuwa mtu wa kelele. Mwanafunzi akichanganya klachi na breki, gari likaruka kama chura, yeye alikaa kando ametulia kama maji ya mtungi. "Zima. Pumua. Tuanze tena." Nyumbani alikuwa na mume mwembamba, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye majirani walimtania kwamba upepo ukivuma ajishike kwa mkewe. Naye aliwajibu kwamba ndiyo sababu alioa. Watoto wao walikuwa wamekua na kuhamia kwao.

Kwa mtazamaji, basi, hakupungukiwa na kitu. Ila ungefungua kabati lake ungekuta mashati ya kiume, suruali nyeusi zinazofanana kama pacha, na gauni moja la rangi ya udongo, halina mbele wala nyuma, la harusini na msibani. Chini, viatu vya kiume vya ngozi, vya kufunga kamba. Alisema anavipenda kwa sababu ni imara. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ni kweli, na mwenyewe hakujiuliza.

Sasa, mwenye shule ya udereva, mzee aliyeianzisha kwa gari moja la kusukuma, aliamua kupumzika. Aliwakusanya walimu uani, akasema bila kuzunguka kwamba kiti cha ukuu anamwachia Tingatinga. Kulikuwa na wanaume pale waliokuwa wamekitolea macho kiti hicho kwa miaka, lakini nao walipiga makofi, maana hakuna aliyekuwa na la kubisha. Makabidhiano yangefanyika Jumamosi: wageni, wanafunzi wa zamani, wakubwa wa polisi wa barabarani, na mpiga picha.

Watu walipotawanyika, mzee akamvuta pembeni.

"Binti yangu, nisikufiche. Siku hiyo uvae. Sitaki wageni wakupite wewe wakimtafuta mkuu mpya."

Alilisema kwa upendo, na Tingatinga akacheka. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mtu wa kumweleza alikuwa mmoja tu, wifi yake, dada wa mume, msusi aliyefanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Wifi mdomo wake haukujua likizo. Aliposikia habari, aliweka kitana chini, akamwomba radhi mteja, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama.

"Jumamosi hii? Na leo Alhamisi? Kesho asubuhi nikukute umeshika mkoba."

"Nina lile gauni langu, wifi."

"Lile si gauni. Lile ni pazia lililokosa dirisha."

Kesho yake wakaingia mjini. Walianzia kwenye duka la viatu, kwa sababu wifi aliamini miguu ikishavaa vizuri mwili wote hujipanga wenyewe. Muuzaji, mwanamke wa makamo, alikitazama kile kiatu cha kamba, akatazama rafu zake, akatikisa kichwa kabla hata hawajakaa.

"Vya kike vinaishia arobaini na moja. Saizi hiyo, dada, jaribu upande wa wanaume."

"Upande wa wanaume naujua," Tingatinga akasema. "Nilianza kwenda huko nikiwa msichana."

Wakatoka. Wifi alikuwa ameanza kumpa muuzaji vidonge vyake, ikabidi avutwe mkono.

Wakaingia kwenye duka kubwa la nguo pale kona, lenye vioo mbele na masanamu membamba yaliyovaa yakavalika. Ndani, nguo zenye rangi zilikuwa mwanzoni. Kadiri ulivyokwenda nyuma ndivyo saizi zilivyopanda na rangi zilivyofifia, mpaka mwisho kabisa, karibu na mlango wa stoo, paliponing'inia magauni meusi, ya kahawia na ya kijivu, mapana kutoka begani hadi chini. Wifi akainua moja, akaligeuza huku na huku.

"Wifi, hema hili linakuja na vigingi vyake, au vinauzwa kando?"

Tingatinga alicheka, lakini jicho lake lilikuwa limekwama mbele. Kulikuwa na gauni la samawati, limekatwa kiunoni, na vifungo vidogo mgongoni. Aliuliza saizi kubwa kuliko zote. Aliyehudumia alimpa huku ameinua nyusi, naye akajifanya hamnazo, akaingia nalo kwenye chumba cha kujaribia.

Kichwa kilipita. Mikono ikapita. Mabegani gauni likagoma. Alilivuta chini, likakataa. Akalivuta juu, likakataa pia. Akabaki amesimama gizani ndani ya kitambaa, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, anasikia pumzi yake mwenyewe.

"Wifi," akaita taratibu. "Njoo. Nimeingia, kutoka sijui."

Wifi alijipenyeza. Chumba kile kilikuwa cha mtu mmoja mwembamba, nao walikuwa wawili, mmoja akiwa Tingatinga. Wakavutana, wakagonga kioo, pazia likatoka nusu. Uzi mmoja ukakatika kwa sauti iliyosikika duka zima.

"Mama, ukilichana umelinunua," aliyehudumia akasema kutoka nje.

Gauni lilipotoka hatimaye, Tingatinga alikaa kwenye kibenchi akiwa amebaki na suruali na sidiria, jasho likimtiririka. Hakulia kwa sauti. Machozi yalijishukia yenyewe, naye akayafuta kwa kiganja kama anayefuta vumbi.

"Basi, wifi. Nitavaa sare ya kazi. Wataniona hivyohivyo."

Wifi akaokota shati sakafuni, akalikung'uta vumbi. Akamsaidia kulifunga.

Walipotoka walimkuta mwenye duka amesimama pale, mwanamke mwembamba aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba. Alikuwa amesikia vurugu. Akaliangalia gauni, akaona ni uzi tu, akamgeukia Tingatinga kwa sauti ya huruma.

"Pole, mama. Usijisikie vibaya. Mwili wako tu ndio mgumu kuvalisha."

Labda bila ile huruma mambo yangeishia hapo. Dharau Tingatinga alikuwa ameizoea, ilimpita kama mvua juu ya bati. Lakini kupewa pole kwa ajili ya mwili wake, kana kwamba kuna aliyefiwa, hilo lilimgusa mahali pengine. Akaweka mkoba chini.

"Mimi ni mwalimu wa udereva," akasema. "Anakuja kwangu mfupi, anakuja mrefu, anakuja mwenye tumbo, anakuja mjamzito. Kabla hajagusa ufunguo namwambia arekebishe kiti. Anakisogeza mbele, anakisogeza nyuma, mpaka mguu ufike na mgongo utulie. Sijawahi kumwambia mwanafunzi kwamba miguu yake ni migumu kuendeshea. Kiti ndicho kinachosogea."

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ileile ya kumwambia mtu apunguze mwendo kabla ya kona. Wateja waliokuwa wakipekua nguo waliacha kupekua.

"Mwili wangu si mgumu kuvalisha, mama. Nauvalisha kila siku, nakwenda nao kazini, umezaa na umelea. Nyinyi mnaoleta nguo ndio hamjasogeza kiti."

Mwenye duka alivua miwani, ingawa hakuwa ameivaa. Aliitoa shingoni tu, akaishika mkononi. Wifi alijiandaa kwa ugomvi, mikono tayari kiunoni. Ugomvi haukuja.

"Kuna kitu naona haya kukuonyesha," yule mwanamke akasema. "Msimu uliopita niliagiza nguo za saizi kubwa. Nguo za fasheni kweli, na viatu vyake. Zilipofika wauzaji wangu wakasema wanene hawapendi rangi, wanapenda kujificha, na kwamba zikikaa mbele zitaharibu sura ya duka. Nikawasikiliza. Nikaziweka stoo nikingoja nafasi ya kuzirudisha. Nikasema, hawa hawanunui."

"Tutazinunua vipi na zimefungiwa stoo?" wifi akadakia.

Mwenye duka akaenda mwenyewe, akafungua ule mlango wa nyuma, akaburuta maboksi mpaka katikati ya duka. Alipokata gundi na kufunua kifuniko, wifi alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Kulikuwa na suti za kijani kibichi. Kulikuwa na magauni ya zambarau, sketi za mistari, blauzi za hariri zenye mikono ya kupeperuka. Nguo za watu wanaotaka kuonekana.

Tingatinga alizigusa mishono kwanza, akivuta kidogo huku na kule, kama anayesikiliza injini asiyoiamini. Mkono wake ukaelekea kwenye gauni jeusi.

"Chagua unalolipenda," wifi akamwambia, safari hii bila utani. "Si linalokuficha."

Mkono ukasita hewani, kisha ukahama. Ukashika gauni la rangi ya chungwa, zito kidogo, la kola ya wazi, mikono inayoishia kwenye kiwiko, limekatwa kiunoni na kufunguka taratibu mpaka chini ya magoti.

Aliingia nalo kwenye kile chumba kilekile. Safari hii mabega yaliingia kama yaliyokuwa yakisubiriwa. Wifi akashika zipu, akafumba macho, akavuta. Zipu ikapanda kama gari jipya mlimani, haikubadilisha hata gia.

Kwenye kioo alisimama mwanamke mkubwa, mrefu, mwenye shingo nzuri na kiuno. Kiuno alikuwa nacho siku zote; hakuwahi tu kupata nguo iliyokijua. Akageuka upande. Akageuka upande wa pili. Akarudi mbele, akajitazama usoni, akatabasamu polepole.

"Kaka yangu ataanguka," wifi akasema.

Vikaletwa viatu, vyekundu, vya kisigino kifupi kilichonenepa, arobaini na tatu. Kwa mazoea alikunja vidole kabla ya kuingiza mguu. Mguu ukazama wote, vidole vikakunjuka, nafasi ikabaki. Akavaa cha pili. Akatembea kutoka chumba cha kujaribia mpaka mlango wa mbele, na sakafu ikatoa mlio ambao viatu vya kamba havijawahi kuutoa.

Karibu na kaunta alisimama mwanamke mmoja mnene, amebeba soksi tu mkononi, maana soksi ndicho kitu alichojua hapo hakitamkataa.

"Dada, samahani," akanong'ona. "Hilo umelitoa wapi?"

"Stoo," Tingatinga akamjibu, wala hakunong'ona. "Na kuna mengine. Njoo uone."

Yule akaja, akampigia simu dada yake, dada yake akaja na jirani. Muda si mrefu chumba cha kujaribia kikawa na foleni, wifi amejipa kazi ya kufunga zipu na kutoa maoni, na aliyehudumia, yule wa nyusi, anakimbizana na maboksi jasho likimtoka. Kabla Tingatinga hajaondoka na gauni lake, viatu vyake, na suti ya kijani aliyoshindwa kuiacha, mwenye duka alikuwa ameshapanda dirishani kwa mikono yake mwenyewe, analivua sanamu moja ili atundike gauni la zambarau mbele ya duka.

Jumamosi uani kwenye shule ya udereva magari yalikuwa yameoshwa yakang'aa, viti vimepangwa chini ya turubai. Tingatinga alipoingia getini, mwalimu mmoja aliyekuwa akipokea wageni alimkimbilia kwa heshima.

"Karibu, mama. Unamtafuta nani nikusaidie?"

"Namtafuta mwalimu aliyechelewa kazini Jumatatu."

Yule bwana alimtazama usoni, akaitambua sauti, akanyooka kama mlingoti. Vicheko vikaanzia hapo vikasambaa mpaka meza kuu. Mzee mwenye shule alisimama, na mkubwa wa polisi naye akajikuta amesimama bila kujua kwa nini. Hakuna mgeni aliyempita siku hiyo. Alipopewa funguo za ofisi alisema maneno machache: kwamba ataendesha shule kama anavyoendesha gari, bila kukurupuka, na kwamba agizo lake la kwanza ni fundi kuja kumpima kila mwalimu, mwanamke kwa mwanamume, ashonewe sare ya mwili wake. Walimu wanawake waliokuwa wamezama ndani ya sare zilizoshonewa wanaume walipiga makofi mpaka viganja vikawawasha.

Mumewe alikuwa mstari wa nyuma. Hakuanguka, kama wifi alivyotabiri, lakini hakumwondolea macho sherehe nzima, na mpiga picha alipowaita wasimame pamoja alimshika mkewe mkono kwa adabu, kama mchumba aliyeruhusiwa jana.

Shughuli ilipoisha alikwenda kumfungulia mlango wa gari. Tingatinga akaufunga.

"Liache hapahapa, tutalifuata kesho. Leo natembea."

"Mpaka nyumbani?"

"Mpaka nyumbani, tena kwa barabara kubwa. Twende."

Jua lilikuwa bado liko juu, na maduka yote yalikuwa wazi. Wakashika katikati ya njia ya waenda kwa miguu, yeye na rangi yake ya chungwa, mumewe akiongeza hatua ili asiachwe, na watu wakawapisha.